Bunduki ya Mgomba kwa Nusu Mandazi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Mkono wangu ni mzito, na herufi zangu zinaegemeana kama watu waliochoka kwenye foleni. Shule yangu iliishia ya msingi, ya kambini, kwa hiyo mkikuta neno limekosewa lisomeni tu kama linavyosikika. Naandika polepole, Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya jikoni kwetu Toongabbie, hapa Sydney. Mama akipita nafunika karatasi kwa kiganja. Nawaandikia ninyi mliokulia kambini kama mimi na sasa mmetawanyika huku na huku. Wengine wakisoma watadhani nasifia bunduki.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu Amani, mwenye miaka kumi, aliambiwa shuleni alete kitu ambacho watu wa nyumbani kwake walichezea walipokuwa watoto. Akaja kuniuliza mimi. Na mimi kitu nilichokuwa najua kukitengeneza vizuri ni kimoja tu: bunduki ya mgomba. Mwalimu nilimwogopa kidogo, majirani pia kidogo. Nilichokiogopa sana ni masikio ya mama. Nitawaeleza kwa nini, lakini acheni nirudi nyuma kwanza.

Enzi zetu hakuna mtoto aliyenunuliwa bunduki. Ulikuwa nayo kwa sababu umeikata mwenyewe, au kwa sababu una yaya, yaani kaka au dada mkubwa, mwenye kisu, na yaya hakukupa bure; ulimchotea maji kwanza. Bunduki zilikuwa za aina mbili, na ubishi wa ipi ni bora ulituchukua mchana mzima, tumekaa kwenye vumbi jekundu nyuma ya nyumba za turubai huku ugali ukiungua jikoni kwa mtu.

Kulikuwa na ya bomba. Ulitafuta kijiti chenye moyo laini, ukausukuma moyo ukatoka, ukabaki na bomba. Halafu ulitafuna karatasi mpaka ikawa kama uji mzito, ukaziba huku, ukaziba na huku, ukasukuma kwa kijiti chembamba. Po! Hiyo ilitoa risasi kweli, na ikikupata shingoni ulijikuna mpaka usiku. Sifa yake ilikuwa hiyo. Ubaya wake ni kwamba ukishapiga mara moja ilibidi utafune tena, na wakati unatafuna adui ameshafika kwao, amenawa mikono na anakula. Tena iliharibu madaftari. Mwalimu wetu aliwahi kusimama mbele ya darasa na daftari lililobaki majalada matupu, akauliza kwa upole, "Nani amekula hesabu za jana?"

Halafu kulikuwa na ya mgomba. Hiyo haikuwa na risasi yoyote. Kazi yake ilikuwa sauti. Ulichukua uti wa jani, ule mnene wa katikati, wa kijani, uliokatwa asubuhi ukiwa bado una maji. Ukaukwangua majani, kisha ukaukata ndimi juu yake, za mshazari, zimefuatana, bila kuutenga ulimi na shina lake. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Ukikata kina sana, ulimi unavunjika. Ukikata juu juu, hausimami. Ndimi zote zikishasimama, ulizilaza kwa kidole mojamoja, ta, ta, ta, kama askari asiyetapanya. Au uliburuta kiganja kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho zikalala zote kwa mfululizo, na mbwa wakakimbia.

Thamani yake ilipanda na kushuka kama jua. Ya mgomba iliyokatwa asubuhi ulibadilishana na ya bomba, sawa kwa sawa. Jua likisimama utosini, ulipewa hindi la kuchoma lililoliwa nusu. Jioni hata mwenye shida hakuitaka. Kesho yake ilikuwa imekauka, ndimi zimejikunja, haisemi kitu, na mbuzi aliitafuna. Ya bomba ilidumu miezi. Kwa hiyo mtu mwenye akili alipaswa kuchagua ya bomba. Lakini sote tulitaka ya mgomba. Mtoto anapenda kelele.

Mwamuzi wetu alikuwa Bahati. Tulikuwa rika moja, yeye mwembamba, mwenye kovu la moto mkononi, na hakuna aliyekata ndimi kama yeye. Alikuwa anafumba macho, sisi tunapita mbele yake mmoja mmoja tukiburuta viganja, naye anatoa hukumu.

"Yako inakohoa. Mpe dawa."

"Hii ni ya polisi. Inaogopa."

"Na weye, hiyo si bunduki, bana. Hiyo ni mlango wa choo."

Tulicheka mpaka tukalala chini. Lakini nikifikiria leo, najiuliza mtoto wa miaka kumi alijifunzia wapi kuwa sauti hii ni ya kweli na hii si ya kweli. Tulijua wapi. Masikio yetu yalikuwa yamesoma kabla sisi hatujaingia darasani. Mama alikuwa akitukuta tunalinganisha, anasimama na ndoo kichwani, anasema, "Kile kilichotukimbiza kule, ninyi hapa mnakifanya mchezo?" Anaondoka. Sisi tunangoja apite, kisha tunaendelea, kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa siku ile. Ilikuwa mchana, akina mama wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi nje ya kanisa la matofali ya udongo. Mama alikuwa katikati yao, na Amani, aliyekuwa na miezi michache tu, mgongoni kwake amefungwa kitenge. Bahati alikuwa amepata jani kubwa kuliko yote tuliyowahi kuona. Tulikaa nyuma ya uzio wa nyasi. Hatukuwa na nia mbaya. Tulitafuta kivuli tu. Akasimamisha ndimi zake, akatutazama, akaburuta.

Wenzangu, sijawahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa safi. Ilikuwa kavu, imeshikana, kama ile yenyewe. Na wimbo ukakatika.

Tuliporusha macho juu ya uzio, kwaya nzima ilikuwa chini. Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho kinanirudia mpaka leo, kwamba hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wote walikuwa wamelala kifudifudi kwenye vumbi, kama watu waliofundishwa. Mama alikuwa ameanguka kwa uso ili asimlalie mtoto. Kidevu chake kilipasuka. Amani peke yake ndiye aliyekuwa amenyanyua kichwa juu ya mgongo wake, anashangaa. Bahati akaitupa bunduki yake na kuanza kulia kabla mtu yeyote hajamgusa.

Kidevu kilipona. Lakini tangu siku ile sauti yoyote ya kufululiza ilimfanya mama asimame kama amepigwa msumari chini. Mahindi yakimwagwa kwenye bati. Mvua ya mawe. Hata hapa Sydney, mwaka jana, mafundi walipokuja kuezeka nyumba ya jirani wakipiga misumari kwa mashine, mama aliingia bafuni akafunga mlango, na nilimkuta amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea na simu mkononi, haongei na mtu. Aliniambia, kwa jina analoniita kwa mapenzi, "Papa, niko sawa, ninapumzika." Nimejifunza kutembea ndani ya nyumba nikiwaza kitu gani kitaanguka.

Kule kambini, baada ya mkasa wa kwaya, mwenyekiti wetu wa mtaa, Mama Sifa, alitangaza kwamba bunduki zote zirudishwe. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti, na akili yake ilikuwa nyingi. Alijua akitumia fimbo tutazificha. Kwa hiyo akakaanga mandazi. Akakaa mlangoni kwake na beseni pembeni, akasema: leta bunduki, upate mandazi. Na alizipima! Nzima inayolia, mandazi zima. Iliyovunjika ndimi au iliyokauka, nusu. Ya bomba aliitazama ndani kwa jicho moja kama anayenunua mtutu wa kweli, na kama haikuziba, mandazi moja na sukari juu yake.

Mnakumbuka kilichotokea? Siku ya kwanza tulipeleka tulizokuwa nazo. Mimi nilikuwa na mbili. Siku ya pili tulikuwa tumeshaelewa biashara. Alfajiri kila mtoto wa mtaa alikuwa kwenye migomba. Tulikata bunduki kwa wingi ambao hatukuwahi kukata tulipokuwa tunazichezea. Hata wasichana ambao hawakuwahi kuzishika walipanga foleni. Bahati alikuwa hachezi tena, alikuwa kiwanda. Wenye migomba walikuja kwa Mama Sifa na makelele, wameshika mashina yasiyo na jani hata moja. Mama Sifa akatazama lile lundo la bunduki mlangoni kwake, akatazama beseni lililobaki mafuta, akashika kichwa. "Mungu wangu," akasema, "nimetaka kumaliza vita, nimefungua kiwanda." Akafunga mlango. Sisi tukabaki na bunduki zisizo na mnunuzi, na kesho yake zikakauka zote.

Nimekuwa nikicheka jambo hili peke yangu kwa miaka, mpaka nilipopata kazi kwenye ghala upande wa Penrith, magharibi mwa mji. Kuna mzee mmoja wa hapa tunayefanya naye kazi, Trevor, aliyekulia shambani mbali na mji. Wakati wa chai yeye huongea, mimi husikiliza, kwa sababu aibu yangu mnaijua na Kiingereza changu kinachoka upesi. Siku moja alikuwa anaeleza bunduki mbili ndogo za baba yake, za sungura, zenye risasi nyembamba kama kipande cha penseli. Moja ilikuwa ya komeo; kila ukipiga unavuta komeo kwa mkono ndipo risasi nyingine iingie. Ya pili ilijipakia yenyewe. Ulivuta kidole tu, na tena, na tena.

"Ya komeo ilikuwa bora, meti," alisema, neno lao la kumwita rafiki. "Nzito kidogo, lakini haikukwama hata ikiwa na vumbi. Ile ya kujipakia ilikuwa ya bei ndogo na ilichagua risasi kama mtoto anayechagua chakula. Na ilikupa haraka ya kijinga. Unakosa sungura kwa sababu unajua nyuma ya risasi kuna nyingine. Lakini unafikiri mzee wangu aliipenda ipi?"

Nilijua aliipenda ipi. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu pia ilikuwa hivyo hivyo.

Akaendelea kwamba serikali ilipozikusanya zile za kujipakia, baba yake aliipeleka yake imefunikwa blanketi kama mgonjwa, akalipwa, akanunua friji. Na mpaka alipokufa alikuwa akilifungua friji anasema halijawahi kuleta sungura nyumbani. Watu wakacheka. Ndipo Trevor akanigeukia. "Na wewe, huko kwenu uliwahi kuwa na bunduki?"

Nami, kwa haraka ya kijinga, nikajibu, "Nilikuwa nazo mbili."

Mmoja akaweka kikombe chini, akanitazama. Nilitaka kueleza, lakini maneno ya mgomba, ndimi, mandazi, sikuwa nayo kwa Kiingereza hata moja. Kengele ikalia. Njia nzima ya treni nilijiona nimefukuzwa, nimerudishwa, mama ananiuliza nilisema nini. Usingizi sikuupata. Kesho yake nilifika mapema nikachora kila kitu kwenye kipande cha boksi, jani, kisu, beseni na yule mama mnene, nikampa Trevor bila neno. Aliitazama sana. Akauliza, "Kwa hiyo serikali yenu ilikulipa nini?" Nikamwonyesha kwa vidole: mandazi mawili, kama donati za sukari wanazouza hapa. Akatikisa kichwa. "Mzee wangu alipata friji. Wewe walikupunja, meti." Tangu siku ile anakaa karibu na mimi, na lile boksi amelibandika kwenye kabati lake.

Basi Amani alipokuja na habari yake ya shule, boksi hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimemsimulia. Akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hataki kupeleka kitu kingine. Amani anazijua bunduki kuliko jeshi. Kwenye mchezo wake wa simu anazilinganisha kutwa, hii ina nyota tano, hii inapiga mbali, hii imepakwa dhahabu. Ila ukimpa kisu na embe anauliza aanzie wapi.

Nilipanga vizuri. Jumamosi mama alikuwa aende Liverpool, ile ya hapa hapa Sydney, na rafiki yake wa kanisani kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Jirani yetu, mtu wa visiwa vya Tonga, mwenye mgomba unaochungulia juu ya uzio, alinipa jani akidhani nafunikia chakula. Niliposikia mlango wa mbele unafungwa na gari linaondoka, nikamwita Amani gereji. Nikakata. Mikono yangu ilikumbuka vizuri kuliko nilivyotegemea. Ule utomvu uliponigusa vidole nilinusa kambi nzima, moshi, vumbi, maji ya bomba, Bahati.

"Hiyo tu?" Amani akauliza.

"Subiri tufanye mojamoja. Taratibu, kwa kidole," nikamwambia. "Taratibu, nimesema."

Lakini mtoto anapenda kelele. Aliichukua akakimbilia uani, akasimamisha ndimi zote kwa kiganja, akaburuta.

Na mama alikuwa uani. Hakuwa amekwenda Liverpool. Gari nililosikia lilikuwa la jirani, na mlango ni yeye aliyeufunga akizunguka na beseni la nguo. Alikuwa kwenye kamba, ananing'iniza mashuka, ametugeuzia mgongo, na vibanio viwili mdomoni.

Nilikimbia. Sijui nilitaka kufanya nini, labda nimdake kabla hajaanguka. Mikono yake miwili ilikuwa imeishika kamba, na kamba ilikuwa inatetemeka, mashuka yote yanatetemeka nayo. Hakugeuka. Amani alisimama na lile jani, uso umempauka, maana yeye pia anajua habari za mafundi wa paa. Mimi nikasema, "Mama," basi.

Akavitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. Akabana shuka. Akageuka polepole, akamtazama Amani, halafu lile jani, halafu mimi.

"Nani amekata hii?"

"Mimi, mama."

"Umekata kina sana. Inakohoa." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Ya Bahati haikuwa hivi. Ya Bahati ilikuwa bunduki. Hii ni mlango wa choo."

Sikujua kama nicheke. Kumbe miaka yote ile alikuwa akipita na ndoo yake, akisikia kila hukumu. Akanyoosha mkono. "Lete hapa." Amani akampa. Akaishika mbali na nguo, isitie utomvu, akaigeuza, akahesabu kwa jicho ndimi zilizovunjika. "Nusu mandazi," akasema. "Na usilete nyingine, biashara imefungwa."

Alikanda unga mchana ule ule. Nilikaa mlangoni mwa jikoni nikimwangalia mabega, nikingoja kitu, sijui kitu gani. Amani alipewa nusu yake kweli, imekatwa kwa kisu. Akauliza, kwa Kiswahili kilichovunjika lakini Kiswahili, sasa shuleni apeleke nini. Mama akasema, "Waambie ulikuwa na bunduki, ukaiuza kwa mama yako."

"Hapana!" mimi na Amani tulisema pamoja. Mama akacheka mpaka akashika meza. Amani alipeleka mandazi, na hayakurudi.

Bunduki aliiweka juu ya friji. Usiku ule niliamka mara nyingi kusikiliza kama analala. Alikuwa anakoroma. Hata hivyo nikaamka tena. Nadhani mimi ndiye niliyebaki chini kwenye vumbi, nikingoja mtu aniambie ninyanyuke.

Enzi zetu tulikuwa na vitu vichache na tulijua kila kimoja kinakufa lini. Siku hizi bunduki za Amani hazikauki. Ukizima simu, kesho bunduki ipo, inang'aa, inangoja. Na zile za kweli, zilizotutoa kwetu, nasikia bado zipo, zinapita mkono hadi mkono, hata bei yake haishuki. Juzi nilimkuta mama amesimama mbele ya friji. Jani lilikuwa limekauka, la kahawia, ndimi zimejikunja. Alibonyeza ulimi mmoja kwa kidole, taratibu. Haukutoa sauti yoyote.

"Hii ndiyo bunduki nzuri, papa," akaniambia. "Inakufa yenyewe." Akairudisha mahali pake.

Sasa niandikieni. Nami nitajibu, polepole, kwa mwandiko huu huu. Niambieni kambini kwenu mlikata za namna gani, na zenu zilichukuliwa kwa kitu gani, kwa fimbo au kwa mandazi. Na kama kuna anayejua alipo Bahati, kijana mwembamba mwenye kovu la moto mkononi, ambaye tuliondoka kambini bila kuagana naye, mwambieni aandike hata mstari mmoja. Mwambieni kidevu cha mama kilipona. Mwambieni mama bado anaikumbuka ya kwake, na kwamba hiyo, tukipata nafasi, atalipwa mandazi zima.